Ebola Ilipofika Bwera, Ilikuta Watu Wako Tayari



Wengi wetu tulipita Kasindi na Mpondwe, na bado tuna ndugu huko. Ndiyo maana mwezi huu tunakumbusha yaliyotokea Kasese mwaka 2019.

Tangu Agosti 2018 Ebola ilikuwa inaua watu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Uganda haikungoja ugonjwa uvuke. Mpakani watu walipimwa joto na kunawa mikono. Wahudumu wa afya karibu 4,700, kutoka vituo 165, walipewa chanjo mapema. Hospitali ya Bwera ilitenga sehemu ya kutibu wagonjwa wa Ebola.

Juni 2019 familia moja ilirudi kutoka Congo, ambako babu yao alikufa kwa Ebola. Mtoto wao wa miaka 5 akaanza kuumwa, wakampeleka hospitali ya Kagando. Waganga wa pale walishuku mara moja, wakamhamisha Bwera. Tarehe 11 Juni ikathibitishwa: ni Ebola. Mtoto alikufa, kisha bibi yake, kisha mdogo wake wa miaka 3. Mwezi wa Agosti msichana wa miaka 9 aligunduliwa palepale Mpondwe akivuka. Naye pia alikufa.

Jamani, huo ni msiba mzito. Lakini ndani ya Uganda hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa. Kule Congo, mpaka ugonjwa unaisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Sasa sisi kambini tufanye nini? Tunajua kuna wanaoficha mgonjwa kwa kuogopa kurudishwa walikotoka, au kwa sababu ya maneno ya majirani. Tuwaelewe, lakini tuwaambie ukweli: Ebola inaanza kama malaria, na homa, kichwa na uchovu. Muuguzi hawezi kujua kama hukumwambia umetoka wapi, umemuuguza nani, umezika nani. Pia si kila Ebola ina chanjo iliyoidhinishwa. Ile ya Mubende ya mwaka 2022 haikuwa nayo.

Basi tukumbuke haya:

- Ukirudi safari au ukipokea mgeni, kisha homa ikaingia nyumbani, mwite mtu wa VHT au nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.
- Usiguse matapishi, damu wala choo cha mgonjwa kwa mikono mitupu.
- Maiti ya mtu aliyeshukiwa isioshwe nyumbani. Waachie timu ya mazishi, sala mtafanya.
- Ukiambiwa ufuatiliwe siku 21, kubali. Siyo jela. Ndivyo unavyowalinda watoto wako.

Na jirani aliye katika siku hizo 21, tusimcheke. Tumpelekee chakula mlangoni.