Mayai ya Mawe ya Chania

Ukishuka ukingoni mwa mto Chania huko Thika, pale mafuriko au tingatinga la barabara lilipokata kilima, utakutana na mawe ya mviringo yaliyojipachika kwenye udongo mwekundu. Mengine yana ukubwa wa chungwa, mengine yanakaribia mtungi. Ligonge moja kwa nyundo: ganda la rangi ya kutu linabanduka, chini yake kuna ganda jingine, na jingine tena, mpaka ufike kwenye kiini kigumu cha kijivu. Mtu aliyewahi kuona picha za mayai ya dinosaria kwenye simu yake hahitaji kushawishiwa zaidi. Analifunga jiwe kwenye gazeti, analipeleka nyumbani, na kabla ya saa tatu usiku ukoo mzima umepata habari kwamba Thika ilikuwa na dinosaria.

Hayo si mayai. Ni lava iliyooza. Lava inapopoa hujikunyata na kupasuka, ikawa mapande yenye pembe kali. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa na kuanza kulila jiwe polepole. Pembe ya pande hushambuliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na uso ulio bapa kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo pembe ndizo hutangulia kuisha, na baada ya muda mrefu kilichokuwa na umbo la sanduku huwa tufe. Maganda unayoyabandua ni jiwe lilelile lililogeuka udongo, tabaka baada ya tabaka, na wekundu wake ni chuma kilichomo ndani kikishika kutu. Yai la kweli la dinosaria lina ganda moja, jembamba, lenye vitundu vidogo mno ambavyo kiinitete kilipumulia, na ndani yake kwa kawaida kumejaa mchanga au tope lililogeuka jiwe. Halina kiini cha lava.

Wanaookota mawe huanza na swali la mnyama: huyu alikuwa nani? Mtaalamu wa visukuku huanza kwingine kabisa. Anauliza jiwe limetoka kwenye mwamba gani, kwa sababu umri wa mwamba ndio unaoamua ni viumbe gani wanaoweza kuwamo. Kipindi cha Kretasia kilianza takriban miaka milioni 145 iliyopita na kuisha miaka milioni 66 iliyopita. Anayetaka kisukuku cha Kretasia sharti asimame juu ya mwamba uliotandazwa ndani ya muda huo, na kwa kawaida mwamba wenyewe uwe wa mchanga, tope au chokaa. Umbo pekee halitoshi. Dunia imejaa mawe yanayofanana na vitu.

Sasa tazama ramani. Wanajiolojia walishaipima nchi ya Thika na vitongoji vyake, na taarifa zao zilichapishwa na serikali miaka ya 1960. Kuanzia Ruiru kupitia Juja hadi Thika, unachokanyaga ni zao la volkeno: lava ngumu za aina ya fonoliti na trakaiti, na kati yake matabaka ya majivu yaliyoshikamana. Fonoliti ya Kapiti, iliyotandaa kusini mashariki mwa Nairobi na ambayo ni miongoni mwa lava kongwe za upande huu, ina umri wa miaka milioni 13 hivi. Zilizo juu yake ni changa zaidi. Hata lile jiwe la kijivu linalokatwa kwa mashine kwenye machimbo ya Ndarugo, ambalo limejenga maghorofa ya Ruiru na Githurai, ni majivu ya volkeno yaliyogandamana. Fundi anayelichonga amezoea kukuta ndani yake vipande vya povu la lava na chembe za kioo cheusi. Mfupa ni kitu kingine.

Chini ya lava hizo kuna mwamba wa kale sana, na huna haja ya kuchimba ili kuuona. Mlima Kilimambogo umejengwa kwa mwamba huo, uliopikwa na kukunjwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kutoka hapo unaruka moja kwa moja hadi kwenye lava. Katikati hamna kitu, na Kretasia yote imo humo katikati. Haimaanishi kwamba hapakuwa na uhai. Nchi hii wakati huo ilikuwa imeinuka, ikimomonyoka, na mchanga wake ukisombwa na mito kwenda kwingine. Mnyama aliyefia hapa hakupata tope la kumfunika. Kwa hiyo jibu la Chania liko wazi hata kabla hujalitazama jiwe lililo mkononi: likiwa limetoka kweli kwenye mwamba wa hapa, haliwezi kuwa kisukuku cha Kretasia.

Jibu hilo huwavunja watu moyo, na nadhani huwavunja bila sababu. Nchi ya volkeno ina visukuku vyake. Lava yenyewe huunguza kila inachokifikia, lakini majivu hutua yakiwa yamepoa, huzika vitu upesi, na chumvi zake husaidia mifupa kugeuka jiwe. Nyayo za Laetoli kule kaskazini mwa Tanzania, zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilihifadhiwa na majivu ya namna hiyo. Na huku Kenya, magharibi, volkeno ya Tinderet ilihifadhi mambo makubwa ambayo waliotangulia kuyaona hawakuwa wanasayansi wa visukuku hata kidogo.

Wa kwanza alikuwa H. L. Gordon, daktari na mlowezi wa Koru. Mwaka 1926 aliona mifupa kwenye chokaa iliyokuwa ikichimbwa katika shamba lake, akaituma kwenye makavazi ya London. Miaka saba baadaye Arthur Hopwood, mtaalamu wa makavazi hayo, alitangaza kwamba miongoni mwa vipande vile kulikuwa na nyani mkubwa asiye na mkia, akamwita Proconsul. Wa pili alikuwa Fred Wicker, mkulima wa Fort Ternan, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alimwonyesha mtaalamu wa visukuku Louis Leakey mifupa iliyotoka shambani kwake. Katika shamba hilo alipatikana nyani mwingine wa kale, Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa karibu miaka milioni 14. Wote wawili walifanya jambo moja la maana kuliko kuokota: walijua mfupa umetoka tabaka lipi la shamba lipi, na wakamwita anayejua.

Ila jina la mwenye shamba liliingia kwenye vitabu haraka kuliko jina la mwenye sururu. Heselon Mukiri, mtu wa Kabete aliyefanya kazi na Leakey tangu enzi za ujana wao na ambaye jicho lake lilitegemewa katika uchimbaji wa miaka mingi, alingoja hadi 1993 kupewa jina la Proconsul heseloni, wa Kisiwa cha Rusinga. Mohammadi Keranje, aliyechimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikumbukwa mwaka 2019 kwa jina la dinosaria Wamweracaudia keranjei. Zaidi ya miaka mia moja! Jina la wickeri lilitoka ndani ya miaka michache.

Basi mtu wa Thika atafute nini? Atafute pale palipo na majivu laini au udongo wa zamani uliobanwa kati ya lava mbili. Huko kunaweza kuwa na alama za majani, mashimo yaliyoachwa na mizizi, au kigogo kilichozungukwa na majivu kikaoza na kubakisha umbo lake. Wakati huohuo ajue vinavyodanganya. Michoro myeusi inayofanana na mchicha au mwani, iliyotanda kwenye uso wa ufa, si mmea bali ni madini ya manganizi yaliyosambaa na maji. Vitundu vya mviringo vilivyojaa kitu cheupe ni mapovu ya gesi ya lava, yakajazwa madini baadaye. Na lile jino kubwa jeusi lenye mikunjo, ambalo kila anayelipata hudhani ni la mnyama wa ajabu, kwa kawaida ni gego la ng'ombe. Tope la mto hulipaka weusi ndani ya miaka michache tu, na weusi huo ndio humfanya mtu aone ukale usiokuwapo.

Kutofautisha kisukuku na vitu hivyo hakuhitaji maabara. Chukua lenzi ya mkono, ile ya kukuza mara kumi, utazame palipovunjika. Mfupa, wa leo au wa kale, una vitundu na vijifereji vya damu vilivyopangika. Jiwe la kawaida lina chembe za madini zisizo na mpangilio wa namna hiyo. Kisha pima uzito: mfupa ambao vitundu vyake vimejazwa madini huwa mzito kuliko unavyotarajia. Banzi dogo la mfupa wa juzi, ukilipitisha kwenye moto wa kiberiti, hunuka nywele zilizoungua kwa sababu bado lina protini. La kale halinuki kitu. Kuna wanaolijaribu jiwe kwa ulimi pia, kwa kuwa mfupa wenye vitundu hunata. Mimi, nikifikiria Chania inapitia mashamba na mitaa mingapi kabla ya kufika kwenye maporomoko, nabaki na lenzi yangu.

Mwenye kuitaka Kretasia hasa ana safari. Kenya inayo, ila pembezoni. Pwani kuna chokaa ya Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambayo wanajiolojia waliiweka kwenye Kretasia. Mawe ya tope yaliyo jirani nayo, maarufu kwa amonaiti, ni ya kipindi kilichotangulia, Jurasi. Amonaiti ni jamaa wa pweza aliyeishi ndani ya kombe lililojizungusha, na ni kisukuku kizuri cha kujifunzia: mistari iliyopinda-pinda kwenye kombe, palipoungana kuta za vyumba vyake, humwezesha mtaalamu kutaja kundi lake na hata kukisia umri wa mwamba wote. Kaskazini kabisa, juu ya Lokitaung katika Turkana, kuna safu ya Lapurr. Mawe yake ya mchanga yalifanyiwa utafiti na Makavazi ya Kitaifa pamoja na Chuo Kikuu cha Utah kuanzia mwaka 2004, na yakatoa mifupa ya dinosaria walao majani wenye shingo ndefu, walao nyama, na mamba. Hiyo ndiyo Kretasia ya Kenya yenye mifupa mikubwa, mwendo wa siku nyingi kutoka Chania.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini uko Tanzania, na ni wa mto. Mwaka huohuo wa 2004, kwenye bonde la Rukwa kusini magharibi, mifupa ya dinosaria ilionekana juu katika ukuta wa mwamba unaotazama mto Mtuka, ambao hukauka kiangazi. Kuitoa kulichukua misimu kadhaa hadi 2008, watu wakining'inia kwa kamba na mashine zikiondoa kilima. Tabaka lenyewe ni mchanga wa mito ya Kretasia, wa kati ya miaka milioni 110 na 100 iliyopita kwa makadirio. Wataalamu Eric Gorscak na Patrick O'Connor walimtangaza mnyama huyo mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia.

Walimtambuaje? Kwa mkia, kwa sehemu kubwa. Katika kundi la dinosaria liitwalo titanosaria, pingili nyingi za mkia zina uso wa mbele ulioingia ndani na wa nyuma uliotokeza, hivyo kila moja huingia kwenye mwenzake. Ukiishika pingili kama hiyo iliyotoka kwenye mwamba wa Kretasia, tayari umepunguza orodha ya washukiwa. Pingili za huyu wa Mtuka zilizidi hapo: zikitazamwa usoni zina umbo la moyo, jambo lililowasaidia kumtenga na jamaa zake. Lakini hoja hiyo ilisimama kwa sababu kila kipande kilichorwa mahali pake kabla ya kuondolewa. Pingili hiyohiyo ikiokotwa chini mtoni, imeviringika na kusuguliwa, ingeweza kuitwa titanosaria kwa taabu, na isingeweza kupewa jina jipya.

Ndiyo maana Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 haiulizi tu umeokota nini. Anayegundua kisukuku au kitu cha kale cha namna hii anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata, na vitu hivyo ni mali ya serikali. Kwa vitendo: usichimbue. Weka sarafu ya shilingi kando yake, piga picha ya karibu, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha ukingo mzima, na uhifadhi vipimo vya mahali kutoka kwenye simu. Kama kimo ukutani, andika kimo kwenye tabaka gani. Kama kimelala kwenye kokoto za mtoni, andika hivyo pia, kwa sababu huenda kimetoka mbali.

Na mbali kunaweza kuwa mbali kweli, bila msaada wa mto. Mawe ya Mazeras, yanayoletwa kutoka pwani kwa malori na kutandazwa kwenye viwanja na vijia vya nyumba Nairobi na miji jirani, ni mawe ya mchanga yaliyolala kabla Kretasia haijaanza. Mwamba huo unajulikana kwa vigogo vya miti vilivyogeuka jiwe. Vipande vinavyovunjika wakati wa kutandaza hutupwa popote, mtoni pia. Mtu anaweza kabisa kuokota kwenye Chania kipande cha mti ulio mkongwe kuliko Mnyamawamtuka, na mwamba uliouzaa uko nyuma ya Mombasa.