Swali Lisiloulizwa Wakati wa Posa

Neno nasaba ni zito katika nyumba za Waislamu. Kijana anapopeleka posa, wazee huuliza: Huyu ni mwana wa nani, na babu zake ni watu wa wapi? Huuliza tena juu ya dini yake, tabia yake na kazi yake. Walakini liko swali moja ambalo mara nyingi halitajwi, nalo laweza kuwa ni rehema kwa watoto ambao bado hawajazaliwa: Je, damu yake imepimwa?

Twaliweka swali hili mbele ya wasomaji wetu, na hasa wale walioko Shinyanga, Kahama, Geita na vijiji vya Usukumani, kwa sababu huko maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli, yameota mizizi sana.

Mateso yasiyojulikana jina lake

Mtoto mwenye maradhi haya huzaliwa mzima, wala mkunga haoni kasoro yoyote. Miezi michache ya kwanza hunyonya na kunenepa kama watoto wengine, kwa kuwa bado anayo damu ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake. Afikapo kama miezi sita, damu ile hupungua na damu ya ukubwani hushika mahali pake. Hapo ndipo taabu huanza. Vidole vya mikono na miguu huvimba, macho huwa manjano, damu humpungukia, na mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Sababu yake ni kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na mviringo, hujipinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga, zikavunjika upesi na kuziba mishipa midogo.

Katika nyumba isiyojua jina la maradhi haya, jina lingine hutafutwa. Yuko baba amwambiaye mkewe, "Damu ya kwenu ndiyo mbaya, kwetu sisi hakuna ugonjwa huu." Wako majirani wanong'onao juu ya bibi kizee wa nyumba ya pili. Na kila azijuaye habari za Usukumani ajua jinsi vikongwe wanawake, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, walivyouawa kwa kusingiziwa uchawi. Basi mtoto hufa, mke hupewa talaka, na mwanamke asiye na kosa hutiwa hatarini. Na yote hayo kwa jambo ambalo tone moja la damu lingelifafanua.

Wala watoto hawa si wachache. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ambayo yalikwisha kuletwa maabara kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi ili watoto wachanga wapimwe virusi vya UKIMWI. Wakayapima tena kwa ajili ya selimundu. Katika vipimo 17,200, watoto 20.3 katika kila 100 walikuwa wamebeba mbegu ya selimundu, na 1.2 katika kila 100 walikuwa na maradhi yenyewe. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kwamba watoto 11,000 au zaidi huzaliwa na maradhi haya kila mwaka.

Hesabu ya urithi

Kila mwanadamu hupokea fungu moja la urithi kwa baba na fungu moja kwa mama. Wataalamu waziita mbegu za urithi huo vinasaba, na neno hilo limetoka katika hilo hilo neno nasaba. Aliyepokea mbegu ya selimundu upande mmoja tu si mgonjwa, ni mbebaji. Aweza kulima, kuchimba dhahabu, kuzaa na kuzeeka bila ya kujua. Mgonjwa ni yule aliyeipokea pande zote mbili.

Basi wakioana wabebaji wawili, katika kila mimba bahati zimegawanyika mafungu manne: fungu moja mtoto asiye na mbegu kabisa, mafungu mawili mbebaji, na fungu moja mgonjwa. Hesabu hii hurudi upya kila mimba. Haisemwi kwamba aliyezaa mtoto mmoja mgonjwa sasa amekwisha pata fungu lake.

Ikiwa mtu mmoja katika kila watano ni mbebaji, basi katika ndoa 25 mmoja huwa ni wabebaji wote wawili. Na robo ya watoto wao wakiwa wagonjwa, twapata mtoto mmoja katika kila 100. Msomaji ataona jinsi hesabu hii ya karatasi inavyokaribiana na ile iliyopatikana Bugando.

Na hapa ipo hukumu ya haki kati ya mume na mke. Hakuna mtoto wa selimundu aliyeipata damu hiyo kwa mama peke yake. Baba anayesema "damu ya kwenu" ajitazame kwanza, kwa maana nusu ya urithi ule ametoa yeye.

Mbu na mundu

Mtu atauliza: Mbegu yenye madhara namna hii, mbona haikupotea tangu zamani? Jibu lilipatikana katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba mbegu hii imejaa kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, bali milimani ni adimu. Mwaka 1954 alieleza sababu: penye malaria nyingi, mbebaji wa mbegu moja hukingwa sana asiuawe na malaria, basi huishi akazaa, na mbegu huendelea. Hivyo wingi wa selimundu Geita na Shinyanga si laana ya kabila wala si adhabu ya ukoo. Ni athari iliyoachwa na mbu katika damu za mababu.

Lakini msomaji asikosee. Kinga hiyo ni ya mbebaji tu. Mtoto mwenye maradhi yenyewe, malaria humwua upesi zaidi kuliko mwenzake.

Elimu inayohitaji watu wa kila asili

Mwaka 2018 wanachuoni Daniel Shriner na Charles Rotimi, huyu wa pili mzaliwa wa Nigeria, walionyesha kwa kusoma vinasaba kwamba mbegu ya selimundu yaelekea ilianza kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,300 iliyopita. Kutoka hapo ikaenea kwa kuoana na kuhama: Afrika Magharibi, nchi za Wabantu, Bara Arabu na Bara Hindi. Lakini haiwatesi wote sawasawa. Wengi wa mashariki ya Bara Arabu na India hubaki na damu ya utotoni kwa wingi zaidi, na maradhi yao huwa mepesi kidogo.

Kwa nini huyu abaki na damu ya utotoni na yule asibaki? Swali hili limewashughulisha wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatia wagonjwa wa selimundu tangu 2004. Mwaka 2014 kundi hilo lilitangaza uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa 1,213 wa Tanzania. Walithibitisha kwamba kinasaba kiitwacho BCL11A, kilichokwisha kujulikana kwa watu wa Ulaya, ndicho kinachoizima damu ya utotoni hata kwa watu wetu. Kwa njia ya kinasaba hicho hicho ilitengenezwa tiba iitwayo Casgevy, iliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapo ndipo penye uchungu: elimu iliyotiwa nguvu kwa damu ya watoto wetu imezaa dawa ambayo watoto wetu hawawezi kuinunua.

Hata hivyo, kujitenga na utafiti si dawa ya uchungu huo. Hadi mwaka 2018, katika watu waliopimwa vinasaba ulimwenguni ili kutafuta asili ya maradhi, 78 katika kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika hawakupita 2. Tazama maradhi ya maltipo sklerosisi, yanayokula utando wa mishipa ya fahamu. Uchunguzi mkubwa wa 2019 ulipima wagonjwa 47,429, nao walikuwa wa asili ya Ulaya. Ndipo Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, kikaanza kuwakusanya wagonjwa wa asili za Afrika, Asia na kwingineko, ili ijulikane kama yaliyosemwa juu ya Wazungu ni kweli kwa wote. Asiyehesabiwa leo, kesho atapewa dawa iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine.

Basi ajapo mtafiti nyumbani, aulizwe: damu hii yaenda wapi, itatunzwa na nani, na faida yake itawarudia vipi wenyewe? Akijibu kwa uwazi, na mtu akaridhika kwa hiari yake, kutoa tone la damu ni sadaka ya elimu.

Yawezekanayo leo

Msomaji asidhani kwamba hakuna la kufanya mpaka dawa ya mamilioni ishuke bei. Kiko kidonge kiitwacho hidroksiurea, ambacho huongeza damu ya utotoni. Kilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kilifi katika Kenya na Mbale katika Uganda. Na matokeo yaliyotangazwa 2018 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Hutolewa kwa amri ya daktari na damu hupimwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, mtoto alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha, apate chanjo zote, apewe dawa ya penisilini kama daktari aagizavyo katika miaka mitano ya kwanza, na homa yoyote ipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala isingoje mpaka kesho.

Ama ndoa, wenzetu wametangulia. Saudi Arabia tangu 2004 imelazimisha wachumba kupimwa selimundu kabla ya nikaha, na Bahrain vilevile ilitunga sheria mwaka huo. Majibu ya Saudi hayaivunji ndoa. Wachumba huelezwa ukweli, kisha huamua wenyewe. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Mchumba wa Geita, ambako machimbo yamewakusanya Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha na watu wa pwani, apimwe. Na binamu wanaotaka kuoana wapimwe zaidi, kwa kuwa babu yao ni mmoja.

Na majibu hayo ni amana. Jina la binti mbebaji lisitembezwe sokoni, wala posa isivunjwe kwa kelele. Mbebaji hana aibu yoyote; mtu mmoja kwa kila watano ni kama yeye, na huenda anayemcheka naye ni mbebaji asiyejijua.

Wazee wanaokaa barazani kupokea posa, tunawaomba waliongeze swali hili moja baada ya yale waliyoyazoea. Halitapunguza heshima ya ukoo hata kidogo, na huenda likamwepusha mama mmoja na usiku wa kilio, na bibi kizee mmoja na panga.