Kaulimbiu za Chuki Huanzia kwenye Neno la Kawaida

Kaulimbiu nyingi za makundi yenye misimamo mikali huzaliwa kutokana na neno la kila siku lililopewa maana mpya.

Nchini Rwanda, neno "inyenzi", yaani mende, lilitumika tangu miaka ya 1960 kuwaita wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni. Gazeti la Kangura na redio ya RTLM vililielekeza kwa Watutsi wote kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu walioviongoza vyombo hivyo.

Nchini Kenya, "madoadoa" lilitumika katika Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine. Neno la aina hiyo likizoeleka, kumdhuru mtu huonekana kama kufanya usafi.

Leo ujumbe hufika kwenye makundi ya WhatsApp, kutoka Tandale, Kinondoni hadi Mbagala, Temeke, kwa dakika chache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza maudhui ya ubaguzi wa rangi. Mwananchi anayepokea ujumbe unaomfananisha binadamu na mdudu au uchafu asiusambaze, bali atoe taarifa Polisi.