Je, Wajua? Plastiki ya Umeme na Barafu ya Kibo

Je, wajua kwamba plastiki, ile tunayovisha waya ili tusipigwe shoti, ina ndugu anayepitisha umeme? Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan Heeger na Alan MacDiarmid walitia iodini kwenye polima iitwayo poliasetilini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mamilioni ya mara. Mwaka 2000 wakapewa Nobeli ya kemia.

Je, wajua kwamba njia ya ugunduzi huo ilifunguliwa na kosa la vipimo? Miaka kumi kabla, huko Tokyo, kichocheo cha kutengeneza poliasetilini kilizidishwa mara elfu. Badala ya unga ukatoka utando unaong'aa kama fedha.

Je, wajua kwamba nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta? Polima inayopitisha umeme ikiwa nyuzi za vipimo hivyo, gesi huifikia upesi zaidi, ndiyo maana hufaa kwa vitambuzi vya gesi.

Je, wajua kwamba barafu yaweza kuwa kalibu ya polima? Hapa ndipo mlima wetu wa Kilimanjaro unaponijia akilini. Polima nyingine ya kupitisha umeme, PEDOT:PSS, huchanganywa na maji, kisha hugandishwa. Fuwele za barafu zikikua huisukuma polima kando, nayo hubanwa ikawa kuta nyembamba. Hewa ikinyonywa, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na kinachobaki ni sponji inayopitisha umeme. Watafiti hukuza seli hai ndani yake na kuzifuatilia kwa umeme huohuo.

Je, wajua kwamba Kibo nako hufanyika vivyo hivyo? Kule juu, karibu na kilele cha meta 5,895, kwenye baridi na hewa kavu, barafu nyingi huondoka kama mvuke, bila kuacha hata tone linaloteremka kuelekea Moshi.

Je, wajua Erasto Mpemba alikuwa wapi makala yake kuhusu kuganda ilipotoka? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye jokofu atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969, yeye na mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha majaribio yao, Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama kweli cha moto huganda kwanza. Anayegandisha polima naye huchunga mwendo wa kuganda, maana barafu ya haraka huacha matundu madogo, ya polepole huacha makubwa.