Nywele Zilizoanguka: Wasomaji Walifanya Nini na Kitabu Kimoja cha Sumu



Mara nyingi watu wanauliza: hadithi za mauaji na za upelelezi zina faida gani kwa mutu mwenye akili? Wamoja wanajibu kwamba hazina faida, ni kujipitishia wakati tu. Wengine wanaongeza kwamba zina hatari, maana zinafundisha watu njia za kuua. Kubishana juu ya jambo hilo kwa maneno matupu ni kazi bure. Afazali tushike kitabu kimoja, tuangalie wasomaji wake walifanya nini nacho.

Kitabu tunachochagua ni The Pale Horse, cha mwandishi Mwingereza Agatha Christie. Kilitoka mwaka 1961. Jina lake linatoka ndani ya Apokalipsi, sura ya 6, pahali Yoane anapomwona farasi wa rangi iliyofifia, na yule anayempanda ni Kifo.

1. Hadithi yenyewe

Hadithi inaanza ndani ya nyumba moja ya kahawa huko London. Wasichana wawili wanagombana. Mumoja anashika nywele za mwenzake na kuvuta, nazo zinang'oka kwa mafungu. Yule aliyeng'olewa anasema hakusikia maumivu. Nyuma ya siku chache habari zinafika kwamba amekufa. Musomaji anapita juu ya jambo hilo bila kusimama. Vijana kugombana si kitu cha ajabu.

Kisha tunakutana na padri mukatoliki, Padri Gorman. Anaitwa kwa mwanamuke aliye karibu kufa, naye anakwenda bila kukawia. Mwanamuke yule ana uovu mukubwa juu ya roho yake, na anampa padri majina ya watu. Padri anayaandika juu ya kikaratasi. Kwa kuwa mufuko wa kanzu yake umetoboka, anakitia ndani ya kiatu chake. Usiku ule ule, katika ukungu, anapigwa kichwani na kufa. Muuaji hakupata kile alichokitafuta. Kikaratasi kinaonekana na polisi, na upelelezi unaanza kwa sababu ya tundu la mufuko wa padri masikini.

Watu kadhaa wa majina yale wamekwisha kufa. Wanganga waliandika kwamba kila mumoja alikufa kwa ugonjwa wa kawaida, huyu ugonjwa huu, yule ugonjwa mwingine. Lakini kuna maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini. Katika kijiji fulani wanakaa wanawake watatu wanaoweza, eti, kumuua mutu aliye mbali kwa nguvu za pepo. Anayetaka kifo cha ndugu yake tajiri analipa feza, wanawake wanafanya matambiko yao usiku, na kweli yule mutu anaanza kuugua na kufa.

Mwishoni ukweli unatoka. Pepo hawakufanya kitu. Matambiko yalikuwa pazia tu. Nyuma ya pazia kulikuwa watu waliopita nyumba kwa nyumba, wakijifanya kuuliza wenyeji wanatumia chakula gani na mafuta gani ya mwili, ili vitu hivyo vibadilishwe kwa siri na vingine vyenye sumu. Jina la muuaji hatulisemi, yule asiyekisoma kitabu asije akatukasirikia. Jina la sumu tutalisema: ni taliumu.

2. Taliumu ni kitu gani?

Taliumu ni metali, kama vile shaba na risasi ni metali. Mwingereza William Crookes aliivumbua mwaka 1861, miaka 100 kamili mbele ya kitabu chetu. Alikuwa anachunguza mabaki ya kiwanda kwa kuyachoma na kuangalia mwanga wake kwa chombo cha kutenga rangi. Akaona musitari wa kijani ambao hakuna aliyeuona mbele yake. Ndiyo maana aliita metali hiyo kwa neno la Kigriki linaloonyesha chipukizi bichi la muti.

Jina ni zuri, lakini tabia yake ni mbaya. Chumvi za taliumu zinayeyuka ndani ya maji, hazina rangi, hazina harufu, wala hazina ladha. Mutu anaweza kuzinywa katika chai asijue. Ndani ya mwili, taliumu inafanana na potasiumu, ambayo kila mwili unaihitaji. Mwili haujui kuzitofautisha, basi unafungulia mwizi mulango ambao ni wa mwenye nyumba. Sumu inaingia katika misuli, katika mishipa ya fahamu, hata katika mizizi ya nywele.

Kwanza mugonjwa anaumwa tumbo na kutapika. Kisha miguu inawaka moto, anakosa nguvu, pengine akili inavurugika. Dalili hizo zote zinafanana na za magonjwa mengine mengi. Dalili moja tu inasema wazi: nywele zinaanguka. Lakini zinaanguka nyuma ya majuma mawili ao matatu, wakati watu wamekwisha kusahau siku ugonjwa ulipoanza.

Jambo hili halikuwa siri. Zamani wanganga wenyewe waliwapa watoto chumvi za taliumu kusudi nywele zao zianguke, wapate kutibu ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Wengine waliitumia sana kuua panya. Agatha Christie naye hakubahatisha. Wakati wa vita vya 1914-1918 alitumika katika chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay, akafaulu mutihani wa kazi hiyo. Wakati wa vita vya pili alirudia kazi ile ile katika hospitali moja ya London. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1920, kilisifiwa na gazeti la watu wa farmasi kwa namna alivyoeleza habari za sumu. Sifa ya watu wanaoijua kazi ilimfurahisha sana.

3. Wasomaji wawili waliookoa

Mwaka 1975 Agatha Christie alipokea barua kutoka kwa mwanamuke wa Amerika ya Kilatini. Mwanamuke huyo alimweleza kwamba alimwona mutu akiugua polepole, akatambua dalili alizozisoma ndani ya The Pale Horse. Mutu yule alikuwa anatiliwa sumu na mke wake mwenyewe. Mwandishi wa barua alisadiki kabisa kwamba pasipo kitabu kile mugonjwa hangepona.

Habari ya pili inajulikana zaidi, maana iliandikwa na wanganga. Mwaka 1977 mutoto wa kike wa miezi 19 aliletwa kwa ndege kutoka Qatar mupaka hospitali ya Hammersmith, London. Alikuwa karibu kupoteza fahamu. Wanganga walimpima hivi na hivi, wasione chanzo cha ugonjwa. Hali yake ilizidi kuwa mbaya.

Kati ya wale waliomtunza alikuwa muuguzi mumoja aliyekuwa anasoma The Pale Horse siku zile. Akaona nywele za mutoto zimeanza kuanguka. Akawaambia wanganga neno ambalo pengine aliona haya kulisema mbele ya wakubwa wenye elimu: huenda ni taliumu. Wanganga hawakumcheka. Kwa musaada wa polisi wa London walipata laboratwari iliyoweza kupima sumu hiyo, na majibu yakaonyesha kwamba taliumu ilikuwa imejaa katika mwili wa mutoto. Hakuna mutu aliyetaka kumuua. Wazazi walikuwa wametumia nyumbani dawa ya kuua wadudu na panya, na mutoto aliigusa, kama watoto wanavyogusa kila kitu na kutia vidole kinywani.

Sumu ikijulikana, dawa inaweza kutafutwa. Kuna rangi ya buluu, iitwayo buluu ya Prusia, inayotumiwa na wachoraji. Mugonjwa wa taliumu akiimeza, inaikamata sumu ndani ya matumbo na kutoka nayo pamoja na choo. Mutoto alitibiwa akapona. Wanganga walipoandika habari hiyo katika gazeti lao la utabibu, walimshukuru muuguzi, tena walimshukuru Agatha Christie kwa namna alivyoeleza dalili za ugonjwa. Yeye hakuisoma shukrani ile, maana alikufa Januari 1976.

4. Na yule aliyeua?

Hapa mupinzani atasimama. Atasema: mumetaja wale waliookoa, mbona hamutaji Graham Young?

Ni haki, tumtaje. Huyu alikuwa kijana Mwingereza. Mwaka 1962, akiwa na miaka 14, alihukumiwa kwa kuwatilia sumu watu wa nyumba yake, akafungwa katika hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Alifunguliwa mwaka 1971, akapata kazi katika kiwanda. Huko aliwapelekea wenzake chai yenye sumu. Wawili walikufa, na wengine waliugua sana. Taliumu ilikuwa kati ya sumu zake. Magazeti yalikumbuka The Pale Horse mara moja, yakauliza kama muuaji alifundishwa na kitabu hicho.

Young mwenyewe alikana kwamba amekisoma. Bila shaka neno la muuaji si ushuhuda mukubwa. Lakini tunajua kwamba tangu utoto alikuwa anasoma vitabu vya elimu ya sumu, na kujisifu kwa maarifa yake. Majivuno hayo ndiyo yaliyomkamatisha. Munganga alipokuja kuzungumza na wafanyakazi juu ya ugonjwa wa ajabu wa kiwanda, Young alimuuliza kama dalili hazifanani na za taliumu. Watu wakashangaa kijana wa kiwanda ameijua wapi sumu kama ile.

Tena elimu iliyomsaidia kuua ilimhukumu. Mumoja wa marehemu alikuwa amekwisha kuchomwa moto, kama desturi ya wengi kule Uingereza. Young angeweza kuzani ushuhuda umeteketea. Lakini taliumu ni metali, na moto hauwezi kuigeuza kuwa kitu kingine. Wataalamu walipima majivu wakaiona. Mwaka 1972 alifungwa maisha.

Basi tusiseme kwamba kitabu hakiwezi kamwe kumsaidia mutu mubaya. Kisu kinakata mukate, kinakata na shingo. Lakini tuangalie: mwenye nia ya kuua alikwisha kuipata elimu yake katika vitabu vya wataalamu, ambavyo mutu wa kawaida havisomi. Hadithi iliipeleka elimu ile ile kwa watu wasiokuwa nayo, kwa muuguzi na kwa mwanamuke aliye mbali katika Amerika. Nao ndio waliokaa karibu na mugonjwa.

5. Kwa nini muuguzi aliona?

Vitabu vya utabibu vilieleza dalili za taliumu miaka mingi mbele ya 1961. Kwa nini basi hadithi ilifaulu pahali vitabu vikubwa vilipochelewa?

Sababu moja tunaijua sote. Orodha ya dalili inasahaulika upesi, lakini mutu aliyeumia hatumsahau. Sababu ya pili ni ya hadithi za namna hii peke yake. Kumbuka yule musichana wa nyumba ya kahawa. Mwandishi alituwekea nywele zake mbele ya macho toka mwanzo, nasi tukapita. Mwishoni anaturudisha pale pale, nasi tunasema: kumbe niliona, wala sikuangalia! Haya hiyo ndogo ndiyo inayofundisha. Mutu aliyepitwa na nywele mara moja ndani ya kitabu hatazipita tena juu ya kitanda cha mugonjwa.

Kuna fundisho lingine, nalo linatugusa sisi. Katika hadithi watu walitishwa na wale wanawake watatu, na kwa kuwa walitishwa na pepo, hawakuchungua vikombe na masanduku ya nyumbani. Je, kwetu si vivyo hivyo? Mutu akikonda, mutoto akianza kutetemeka, swali la kwanza linalosikiwa kijijini ni: nani amemloga? Mara muzee fulani anaitwa mulozi, ao mutoto yatima anafukuzwa nyumbani. Wakati huo huo chupa ya dawa ya panya iko chini ya kitanda, ao maji ya kisima yameharibika, na hakuna anayeangalia. Kutafuta mulozi kunamwacha mugonjwa bila dawa, tena kunaongeza mutu wa pili wa kuumia.

Muuguzi wa Hammersmith hakuuliza kwanza ni nani. Aliuliza ni nini. Kisha alikuwa na ujasiri wa kusema, na wakubwa wake walikuwa na unyenyekevu wa kusikiliza. Kama moja ya mambo hayo mawili lingekosekana, mutoto angekufa na kitabu kingebaki kimefungwa juu ya meza.

Kwa hiyo, wenzangu, tukishika kitabu cha upelelezi wakati wa mapumziko, tusione haya. Ila tukisome kama yule muuguzi, na macho mawili: moja juu ya ukurasa, lingine juu ya watu tuliopewa kuwatunza. Na tukimwona mugonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani, tumuulize amekula nini, amekunywa nini, amegusa nini. Tumpeleke kwa munganga mapema, tumweleze yote tuliyoyaona, hata kama ni kitu kidogo kama nywele juu ya mto wa kulalia.