Skuli za Lewiston na Watoto wa Kiislamu

Katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, uko mji mdogo uitwao Lewiston, ambao wakazi wake walihesabiwa kuwa 37,121 mwaka 2020. Mji huo ulisimama kwa viwanda vya nguo, na vilipofungwa, vijana wengi waliuhama. Twaunena hapa kwa sababu tangu mwaka 2001 Wasomali kwa maelfu wamehamia huko, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab nchini Kenya. Baada yao walikuja Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walitolewa utumwani, katika karne ya 19, kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na miongoni mwao wamo wasemao Kizigua hata leo. Kisha wakafuata Wakongo na Waangola. Kwa hiyo yaliyowapata watoto hao katika skuli za Lewiston ni habari za jamaa zetu.

Yapasa kwanza msomaji afahamu kwamba skuli za Marekani haziendeshwi kutoka mji mkuu. Kila mji au wilaya huwa na Halmashauri yake ya skuli, na huko Lewiston wajumbe wake huchaguliwa kwa kura za wakazi. Halmashauri ndiyo imwajiriyo mkuu wa elimu na ipangayo matumizi, na sehemu ya fedha hutoka katika kodi ya majumba na viwanja. Basi mwenye nyumba ajua kwamba dawati la mtoto wa mgeni limelipiwa kwa shilingi iliyotoka mfukoni mwake. Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi.

Na ugomvi ulitokea. Mwezi wa Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wasiendelee kuja kwa wingi. Mwezi wa Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano, nao hawakufika hamsini. Siku ile ile watu wapatao 4,000 walikusanyika katika Chuo cha Bates, kilicho hapo hapo mjini, kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2006 mtu mmoja alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti watu wakiwa katika sala. Watoto waliyasikia yote hayo, na asubuhi wakaenda skuli.

Wengine walikuwa na umri wa miaka kumi na mitano wala hawajapata kushika kalamu. Sheria ya Marekani, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1974, yailazimisha skuli kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza. Haitoshi kumketisha darasani akatazama ubao. Basi Lewiston ilibidi iajiri waalimu wa lugha, na wakalimani wa kusema na wazazi.

Lakini skuli peke yake isingaliweza. Wanafunzi wa Bates huingia madarasani kuwasaidia waalimu, na mwaka 2011 baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi hiyo walianzisha kituo cha Tree Street Youth, katika mitaa ya katikati ya mji iliyopewa majina ya miti, ili watoto wafanye humo kazi zao za skuli jioni badala ya kuzurura. Kwa wenye kutaka ufundi, kiko chuo kinachopokea wanafunzi wa Lewiston na wa skuli za miji jirani, nao hujifunza ujenzi, upishi, magari na uuguzi. Wengine watataja mpira, na wana haki: mwaka 2015 timu ya skuli ya juu, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, iliifunga Scarborough bao 1 kwa 0 ikawa bingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza.

Sisi, hata hivyo, twastaajabia zaidi habari ya Wafaransa. Wakazi wengi wa zamani wa Lewiston ni wajukuu wa Wakanada wasemao Kifaransa, waliokuja kwa reli kufanya kazi viwandani. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria kwamba masomo yote ya skuli za serikali yawe kwa Kiingereza, na watoto wao wakaonewa haya kwa lugha ya mama zao, hata wengi wakaiacha. Leo wazee hao huketi na Wakongo wakazungumza Kifaransa, wakikumbuka maneno waliyoyasahau tangu utotoni.

Tusidhani kwamba kila jambo limenyooka. Mwaka 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia mapatano na skuli za Lewiston baada ya kuona kwamba baadhi ya watoto wenye ulemavu walikatiwa saa za masomo, na kwamba wanaojifunza Kiingereza hawakupata msaada wote waliostahiki. Kwa maoni yetu jambo hili ni zito kuliko kombe la mpira, maana mtoto aliyerudishwa nyumbani saa nne asubuhi hana wa kumshangilia.

Na dini je? Skuli ya serikali huko haifundishi dini yoyote, na tangu mwaka 1962 mwalimu hawezi kuwaongoza wanafunzi katika sala. Lakini mwanafunzi hazuiwi kusali mwenyewe wakati wa mapumziko. Kur'ani, basi, ni juu ya mzazi na msikiti. Wako wazazi waliokwisha kutambua pia kwamba mwenye uraia ana kura. Mwaka 2019 Safiya Khalid, binti wa Kisomali aliyesoma katika skuli za mji huo huo, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Mji akiwa na umri wa miaka 23. Baraza hilo ndilo lipigalo kura juu ya fedha za skuli.