Dawa Inayochagua: Zebaki, Dhahabu na Tiba ya Saratani

Katika mialo ya Nyarugusu, mkoani Geita, na Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mawe yenye dhahabu husagwa kwa karasha mpaka yakawa unga. Mchenjuaji hazitafuti punje za dhahabu moja moja. Kazi hiyo huiachia zebaki. Zebaki huungana na dhahabu na kuuacha mchanga. Uchaguzi wa namna hiyo ndio ambao tiba ya saratani iliukosa kwa muda mrefu.

Saratani ni ugonjwa wa seli za mwili wenyewe, zilizoacha kufuata utaratibu wa kugawanyika. Dawa za kemikali zilizozoeleka husafiri katika damu mwili mzima, zikiua seli zinazogawanyika upesi. Lakini seli za mashina ya nywele, za utando wa matumbo na za uboho nazo hugawanyika upesi. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, huharisha na kupungukiwa damu. Daktari hulazimika kupunguza dozi, na kwa kupunguza huko baadhi ya seli za saratani huweza kunusurika.

Je, dawa yaweza kufundishwa kuchagua? Saratani ya matiti hutoa mfano mzuri. Katika takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, seli za uvimbe huwa na protini iitwayo HER2 kwa wingi usio wa kawaida juu ya uso wake. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumab, kingamwili iliyotengenezwa ili kuinasa protini hiyo. Mwaka 2013 ikaidhinishwa dawa nyingine, ambamo kingamwili hiyo hiyo imebebeshwa sumu kali.

Dawa hiyo hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, kingamwili hujishikiza kwenye HER2. Pili, seli huimeza pamoja na mzigo wake. Tatu, kingamwili humeng'enywa ndani ya seli, na sumu ikifunguka huziharibu nyuzi ambazo seli huzitegemea ili kugawanyika.

Hata hivyo, uchaguzi huo si kamili. Zebaki haichukui dhahabu yote, na mvuke wake ni sumu ya neva na figo kwa wanaoichoma. Vivyo hivyo, HER2 imo kwa kiasi kidogo katika seli za moyo. Hivyo moyo wa mgonjwa hauna budi kuchunguzwa wakati wote wa tiba.

Wagonjwa wengi wa Geita na Shinyanga hutibiwa saratani katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mgonjwa wa saratani ya matiti, swali la kwanza si dawa ipi iliyo mpya, bali uvimbe wake una alama gani. Jibu hupatikana kwa kukata kipande cha uvimbe na kukipima katika maabara. Bila kipimo hicho, dawa ya thamani kubwa huweza kuwa kama zebaki iliyomwagwa juu ya mchanga usio na dhahabu.